Kabla Useme "Ghali": Mwanasesere wa Uzi Ametoka Mbali

Kuna komenti moja ambayo kila mtu anayefuma wanasesere wa uzi hapa Nairobi anaijua. Umeposti kapweza kako ka zambarau, miguu minane imejikunja vizuri, macho meusi yanang'aa, halafu mtu anaandika: "Elfu moja mia tano? Ya kadoli? Si Gikomba nitapata tedi na soo mbili." Leo sitaki kuijibu kwa hasira. Nataka kuijibu kwa historia, juu historia ya huu uzi ni tamu na inauma kidogo.

Tuanze na jina. Hawa viumbe tunawaita amigurumi, neno la Kijapani lililoungwa kutoka mawili: ami, yaani kufuma, na nuigurumi, mwanasesere aliyejazwa kitu ndani. Lakini ufundi wenyewe wa kroshia, ule wa sindano moja yenye kichwa kilichopinda kama ndoano, haukuanzia Japani. Jina kroshia linatokana na neno la Kifaransa la ndoano ndogo. Maelezo ya kwanza yanayojulikana kuchapishwa yalitokea kwenye jarida la Uholanzi liitwalo Pénélopé, mwaka wa 1823, na yalikuwa ya kufuma vibeti. Najua umeona video zinazosema kroshia ni ya tangu Misri ya kale. Zile soksi za kale za Misri wanazoonyesha zilitengenezwa kwa sindano yenye tundu, ufundi mwingine kabisa. Kroshia ni kijana. Wakati kile kibeti cha Uholanzi kinachapishwa, Fort Jesus ilikuwa imesimama Mombasa zaidi ya miaka 200.

Sasa twende Ireland, maana hapo ndipo hii hobi ilipoacha kuwa hobi.

Mwaka wa 1845 ugonjwa uliingia kwenye viazi vya Ireland, na viazi ndivyo vilikuwa ugali wao. Viliozea shambani, msimu baada ya msimu. Watu kama milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli wakaondoka. Katikati ya hiyo njaa, masista wa Ursuline pale Blackrock, karibu na mji wa Cork, walikuwa wakifundisha wasichana kroshia. Kaskazini, katika mji wa Clones, mke wa kasisi aliyeitwa Cassandra Hand alileta mwalimu mwaka wa 1847 awafundishe wanawake wa pale. Wazo lilikuwa rahisi. Matajiri wa Ulaya walikuwa wanapenda lesi za Venice, zile za sindano ambazo kipande kidogo kinakula miezi. Kwa kroshia ungeweza kutoa kitu kinachofanana nazo kwa muda mfupi zaidi, na vifaa vyako ni uzi na ndoano tu. Hakuna mashine, hakuna kodi ya karakana. Unafanyia kazi mlangoni kwako ukiangalia watoto.

Waligawana kazi. Huyu anafuma waridi, yule majani, mwingine anaunganisha vyote viwe kola moja. Familia zilificha dizaini zao kama siri, kwa sababu ua lako likijulikana na kila mtu, bei inashuka. Na hizo kola zikaishia shingoni mwa watu wa Paris, London na New York. Malkia Victoria mwenyewe alizinunua, na alijifunza kroshia. Lakini jina baya halikuisha: kwa wakubwa wengi hii ilikuwa lesi bandia, kitu cha maskini wanaoiga. Yaani unalisha nyumba nzima na kazi ya vidole vyako, halafu mnunuzi anakuambia hiyo si lesi kamili. Komenti ya Gikomba ina umri kuliko intaneti.

Shikilia hapo, kuna kitu cha kiufundi ambacho watu wengi hawajui, na kwangu ndicho kiini cha hii stori yote. Ufumaji wa sindano mbili, ule wa sweta, ulipata mashine mapema sana: Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi mwaka wa 1589. Lesi nayo ikapata mashine yake Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Kroshia imegoma. Viwanda vina mashine zinazotoa kitambaa kinachofanana nayo kwa mbali, ila ukikivuta unaona ni ufumaji mwingine. Sababu ni hii: kwenye sweta, vitanzi vingi vinakaa wazi kwenye sindano kwa pamoja, na mashine inapenda vitu vilivyopangwa mstari. Kwenye kroshia kila kitanzi kinafungwa kabla ya kinachofuata kuanza, na ndoano inaingia popote, mbele, nyuma, pembeni, ndani ya umbo ambalo linageuka geuka mkononi. Roboti inahitaji macho na vidole kama vyako. Kwa hivyo ukiona kitu cha kroshia dukani, hata kile kitopu cha bei ya kutupa kwenye programu ya kununulia nguo, kuna mtu alikaa chini akakifuma kwa mkono. Jiulize alilipwa ngapi.

Na hiyo kazi ya vidole ni hesabu tupu. Mwanasesere wengi wanaanza hivi: unafanya pete ya uzi na vitanzi sita. Raundi ya pili unaongeza kimoja kwa kila kitanzi, wanakuwa 12. Ya tatu 18, ya nne 24, unaongeza sita sita. Ukiendelea hivyo unapata sahani bapa. Ukiacha kuongeza, kingo zinasimama, sahani inakuwa bakuli. Ukianza kupunguza sita sita, bakuli linajifunga na kuwa mpira: hicho ni kichwa. Ukiongeza vitanzi kuliko inavyotakiwa, kingo zinakunjamana kama sukuma wiki. Hayo makunyanzi si mchezo. Mwaka wa 1997, mwanahisabati Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell, mzaliwa wa Latvia, alitumia kroshia kutengeneza umbo ambalo wanahisabati walikuwa wanapata taabu kulishika mkononi. Modeli za karatasi zilikuwa zinachanika. Alichofanya ni kuongeza vitanzi kwa kiwango kilekile, raundi baada ya raundi. Wewe uliyeambiwa unapoteza muda na uzi badala ya kusoma hisabati, peleka hiyo nyumbani.

Sasa ile tedi ya soo mbili. Nayo ina historia, na Kenya imo ndani. Mwaka wa 1902 rais wa Marekani Theodore Roosevelt alienda kuwinda Mississippi, akakataa kumpiga risasi dubu aliyekuwa amefungwa kwenye mti. Mchoraji wa katuni Clifford Berryman akamchora, na mwenye duka mmoja wa Brooklyn, Morris Michtom, akatengeneza na mkewe dubu wa kitambaa aliyepewa jina la utani la rais, Teddy. Wakati huohuo kampuni ya Steiff ya Ujerumani nayo ilikuwa inatoa dubu wake. Dunia ikapenda. Miaka saba baadaye, Aprili 1909, yuleyule Roosevelt mwenye huruma akashuka Mombasa. Kwenye hiyo safari yake ya Afrika, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama wakubwa 512, kwa hesabu yao wenyewe. Risasi aliyomnyima dubu ilifika kwa simba wetu. Sina la kuongeza.

Tedi ni kitambaa kinachokatwa na kushonwa. Mkasi mmoja wa kiwandani unakata matabaka mengi kwa mara moja, cherehani inamaliza. Na yule wa Gikomba ni mtumba: bei yake kamili ililipwa zamani na mzazi fulani Ulaya. Kumlinganisha na kitu kilichoanza kama vitanzi sita ni kulinganisha maji ya mvua na maji ya mkokoteni.

Japani waliingiaje basi? Hapa ndipo napenda zaidi, kwa sababu walioanza ni vijana. Miaka ya 1970 wasichana wa shule Japani walianza kuandika kwa herufi za mviringo, wakichomeka mioyo na nyota katikati ya maneno. Walimu hawakuweza kusoma. Shule nyingine zikapiga marufuku. Soma hiyo tena ukifikiria Sheng na yule mwalimu aliyekuvika diski shingoni. Nao hawakuacha, na ladha yao, ile wanaita kawaii, ya vitu vidogo, vya mviringo, vya kuhurumiwa, ikakua hadi kampuni zikaikimbilia. Sanrio ilibuni Hello Kitty mwaka wa 1974, na bidhaa ya kwanza kuuzwa, mwaka uliofuata, ilikuwa kibeti cha sarafu. Kutoka kibeti cha Uholanzi hadi kibeti cha Kitty. Amigurumi ni kawaii iliyokutana na ndoano: kichwa kikubwa, mwili mdogo, macho yamewekwa chini na mbali mbali. Hayo macho si bahati nasibu. Mwanasayansi Konrad Lorenz aliandika mwaka wa 1943 kwamba paji kubwa, macho makubwa yaliyo chini na mashavu ya mviringo hutuamsha hamu ya kulea, kama tukiona mtoto mchanga. Ndiyo maana ukisogeza macho juu kwa raundi mbili tu, kapweza kako kanageuka kuwa mjomba aliyechoka.

Huku kwetu uzi ulipitia mlango mwingine. Ulikuja na misheni na masomo ya wasichana ya kazi za sindano, halafu serikali ya kikoloni ikaufanya siasa. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka wa 1952, mwaka uleule hali ya hatari ilitangazwa, na vilabu vyake vilifundisha kushona, upishi na usafi wa nyumba, huku serikali ikitumaini wanawake wangekaa mbali na Mau Mau. Wanawake wetu walichukua ufundi, wakaufanyia mambo yao. Matokeo unayajua. Vitambaa! Kitambaa kwa kila kiti, kwa mkono wa kiti, juu ya redio, juu ya TV, na kile kikubwa cha meza ambacho ukimwagia chai unahama nyumba. Shosh wako alikuwa anafuma ndani ya matatu bila kuangalia mikono. Alikuwa anajua kuongeza sita sita kabla neno amigurumi halijafika Nairobi, tofauti ni kwamba yeye alibaki kwenye sahani bapa na sisi tumeifunga ikawa kichwa. Korona ilipotufungia ndani mwaka wa 2020, wengi wetu tulienda kwa hao shosh na mathe kuuliza ndoano ziko wapi.

Tupige hesabu sasa. Chukua mwanasesere wa kimo cha rula: uzi, pamba ya kujazia na macho, tuseme 500. Mikono iliyozoea inachukua saa nane, wenye haraka wanakosea na kufumua. Ukiuza 1,500, unabaki na 1,000, ambayo ni 125 kwa saa. Mteja akikubembeleza hadi 600 "juu sisi ni mabeshte," unabaki na 100. Gawanya kwa nane. Ni shilingi 12 na senti 50. Na ukikubali, umemshushia bei pia yule dada mwingine anayelipa kodi ya nyumba na hiyo ndoano, kama vile ua la siri lilivyoshuka bei Ireland likishajulikana. Lamu mtu akikuonyesha kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono kwa miezi, unanyamaza kwa heshima. Hiyo heshima iko, tunaichagulia tu watu.

Kitu kingine, na hapa nawageukia mafundi wenzangu. Tumejaza mitandao na Pikachu. Pikachu ana mwenyewe, na mwenyewe ana mawakili. Kumfumia mdogo wako ni sawa, kumuuza ni kusubiri barua. Na tuna wahusika wetu bado hawajaguswa. Nani amefuma konda anayening'inia mlangoni? Mama mboga na kisu chake cha sukuma? Mimi niko kwa wale korongo marabu wa pale Nyayo Stadium, kipara, shingo ya waridi, ule mfuko unaoning'inia, sura ya mzee wa kamati aliyekosa posho. Mfuko pekee umenila jioni tatu.

Kazi za wale wanawake wa Ireland ziko leo kwenye makumbusho, Victoria and Albert ya London ikiwa mojawapo. Nyingi zimeandikwa nchi na karne, jina la aliyefuma halipo. Pale Njoro, Kenana Knitters, kikundi cha akina mama wanaofuma wanyama kwa sufu inayosokotwa kwa mkono, wamekuwa wakiweka jina la fundi kwenye lebo ya mnyama. Nimeiba hiyo. Korongo wangu wa kwanza ana herufi mbili za jina langu chini ya mguu wa kushoto, kwa uzi mwekundu, na bei yake ni 2,200.