Neno "Kahawa" na Safari Yake Ulaya

Ndugu wanachama, katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, tumeona yafaa tueleze kwa ufupi asili ya neno litajwalo kila siku penye mizani zetu: kahawa.

Kabla Speke na Grant hawajafika Karagwe kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, wazee wetu walikwisha kuizoea, wakiiita amwani. Waliichemsha, wakaikausha, wakaitafuna, na mgeni alikaribishwa kwayo. Waliofanya udugu wa damu waligawana punje mbili za tunda moja.

Jina "kahawa" latokana na Kiarabu, qahwa, nalo ni jina la kinywaji. Waturuki walilitamka kahve. Kutoka kwao Waitaliani wakapata caffè, Wafaransa café, Waholanzi koffie, na Waingereza coffee. Wajerumani husema Kaffee. Kwa Wafaransa café ni kinywaji, tena ni nyumba kinaponywewa. Nasi vivyo hivyo kutokana na kahawa tumepata mkahawa.

Bali punje yenyewe Waarabu huiita bunn, nasi twasema buni. Jina hili halikushika Ulaya. Waingereza huiita bean na Wajerumani Bohne, yaani haragwe. Wafaransa huiita grain, kama punje ya nafaka. Lakini buni si haragwe wala si nafaka. Hata mtaalamu Linnaeus wa Uswidi, mwaka 1753, aliuita mti wa arabika kwa jina la Uarabuni, ingawa asili yake ni nyanda za Ethiopia.

Majina haya yatufunza jambo. Wazungu waliijua kahawa kikombeni na bandarini. Shamba na mkulima hawakuwaona. Hata leo mnunuzi wa mbali hupima ubora kwa kuonja kikombe. Basi tunda lililochumwa bichi, au maganda yaliyoanikwa juu ya udongo, hujulikana huko, na hasara hurudi kwetu.

Lipo neno jingine, la hapa kwetu: butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini. Auzaye hivyo hupokea fedha kidogo mapema, na jasho lake humnufaisha mwingine.

Ndugu zetu wa Karagwe na Kyerwa, tuchume zilizoiva, tuanike juu ya mikeka au chanja, tupeleke katika vyama vyetu vya msingi. Neno kahawa tumelipokea kwa wengine. Sifa yake na itoke kwetu.