Rockville: Watu wa kujitolea, ndege zisizo na rubani na anga lililofungwa

Mtu anapopotea msituni, kinachohesabiwa kwanza ni saa. Mzee mwenye maradhi ya kusahau akitoka nyumbani jioni, au mtoto akiteleza kando ya mto, wanaomtafuta hushindana na giza na baridi. Katika mji wa Rockville, jimbo la Maryland, kaskazini-magharibi ya Washington, wananchi wa kujitolea wameibeba kazi hiyo bega kwa bega na serikali kwa zaidi ya karne moja.

Kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha Rockville kiliundwa mwaka 1921. Mwaka 1930 kilifuata kikosi cha jirani cha Cabin John Park, ambacho hadi leo kinajulikana kwa kuwaokoa watu katika maji makali ya mto Potomac. Desemba mosi, 1941, taifa zima lilipata chama cha marubani raia wa kujitolea, Civil Air Patrol, ambacho baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia kiligeukia kazi ya kutafuta ndege zilizoanguka na watu waliopotea. Na mwezi Machi 1970, polisi wa jimbo la Maryland walianza kuwasafirisha majeruhi kwa helikopta.

Hata hivyo helikopta ni chombo cha gharama kubwa, na haiwezi kukaribia kila korongo wala kushuka kati ya miti. Pengo hilo ndilo lililokuja kuzibwa na ndege ndogo zisizo na rubani.

Majaribio ya mwanzo yalifanyika mwaka 2005. Baada ya kimbunga Katrina, watafiti wakiongozwa na Profesa Robin Murphy walirusha ndege ndogo katika jimbo la Mississippi kuangalia kama kulikuwa na watu waliokwama. Mwaka huo huo, huko Texas, kundi la kujitolea la Texas EquuSearch lilianza kutumia ndege za namna hiyo. Kundi hilo lilianzishwa mwaka 2000 na Tim Miller, baba ambaye binti yake alitekwa nyara na kuuawa mwaka 1984. Wafuasi wake wa awali walitafuta kwa farasi; sasa walikuwa na jicho angani.

Thamani ya jicho hilo ilidhihirika Mei 2013 nchini Canada. Katika jimbo la Saskatchewan, dereva aliyejeruhiwa baada ya gari lake kupinduka alitangatanga usiku kwenye baridi kali. Helikopta ilimtafuta bila mafanikio. Ndege ndogo ya polisi, iliyobeba kamera ya kutambua joto la mwili, ndiyo iliyoonyesha mahali alipokuwa.

Lakini swali jingine lilikuwa likikomaa: je, nia njema inatosha kumpa raia haki ya kuingia angani?

Februari 2014, idara ya serikali kuu inayosimamia safari za anga, FAA, ililitumia kundi la Texas EquuSearch barua pepe ikilitaka lisitishe matumizi ya ndege hizo. Kundi lilifungua kesi katika mahakama ya rufaa mjini Washington. Mwezi Julai mwaka huo, majaji waliitupa kesi hiyo, wakisema barua ile haikuwa amri rasmi yenye nguvu ya kisheria, na kwa hiyo hapakuwa na uamuzi wa kupitiwa. Kundi likarejea kazini. Swali lenyewe, hata hivyo, halikujibiwa.

Kwa wakazi wa Rockville, swali hilo lilikuwa zito zaidi kuliko kwa Watexas, kwa sababu ya anga lililo juu yao. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, mji mkuu ulizungushiwa eneo maalumu la ulinzi wa anga. Eneo hilo lilianza mwaka 2003 na kufanywa la kudumu mwaka 2009, likiwa na upana wa maili 30 za baharini, yaani kilomita 55 hivi, kila upande. Rockville imo ndani yake, karibu na mpaka wa sehemu ya katikati yenye masharti makali zaidi.

Januari 2015, ndege ndogo ya mtu binafsi ilianguka katika uwanja wa Ikulu ya White House. Marufuku ikakazwa katika eneo zima, hata klabu za wapenzi wa ndege za mchezo zikalazimika kusimama. Februari 2016, FAA ililegeza kamba na kuruhusu ndege hizo nje ya maili 15, mradi zisipite mita 120 kwenda juu na zisitoke machoni pa mwendeshaji. Agosti mwaka huo zikaanza kutumika kanuni za taifa zinazomtaka mwendeshaji wa kazi afanye mtihani na kupata cheti. Ulikuwepo pia utaratibu wa kuomba kibali cha dharura maisha ya watu yanapokuwa hatarini.

Masharti hayo yana sababu. Ndege ndogo iliyorushwa bila kuitwa inaweza kuilazimisha helikopta ya uokoaji kuondoka, na aliyekuja kusaidia akawa kizuizi. Lakini kibali kinachochelewa nacho kina gharama, na anayeilipa ni yule aliyelala porini. Ndiyo maana mtu wa kujitolea katika eneo hili hana budi kuwa na cheti na kufahamiana na polisi na zimamoto kabla ya simu kulia. Serikali yenyewe nayo imejiingiza: Novemba 2023, polisi wa kaunti ya Montgomery, ambayo makao yake makuu ni Rockville, walianza kutuma ndege hizo kwenye matukio katika miji ya Silver Spring na Wheaton.

Afrika ya Kati nayo ina mfano wake. Mei 2014, ndege isiyo na rubani ya kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ikiruka karibu na Goma, iliona boti iliyokuwa ikizama katika Ziwa Kivu. Askari walikimbilia huko kwa boti ziendazo kasi na kuwaokoa zaidi ya watu kumi.

Ndege iliona, waliowatoa majini walikuwa binadamu. Hivyo ndivyo ilivyo pia kando ya Potomac. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kamera huonyesha alipo aliyepotea, sheria hufungua njia ya angani, lakini bado lazima awepo mtu aliye tayari kuacha kitanda chake usiku na kwenda kwa miguu kumchukua.