Istilahi za boriti na mbao

Istilahi za boriti na mbao ni maneno ya maseremala, waashi na wauza miti wa pwani ya Waswahili. Miti ya mikoko hupangwa kwa unene: fito ndizo nyembamba zaidi, kisha pau, mazio, boriti na nguzo. Boriti hubeba dari za nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Unguja. Urefu wake umefanya vyumba vingi viwe na upana wa takriban mita 3 tu. Kikwajuni na mitaa mingine ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, ilijengwa kwanza kwa nguzo, fito na udongo.

Katika kamusi. Padri Mfaransa Charles Sacleux (1856–1943), mtaalamu wa lugha na mimea aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo, alitoa kamusi ya Kifaransa–Kiswahili mwaka 1891. Ile ya Kiswahili–Kifaransa ilichapishwa Paris mwaka 1939, mwaka uleule wa kamusi ya Kiswahili–Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Anapotafuta istilahi hizi katika kamusi kama hizo, mfasiri makini hutazama kwanza unene wa mti na kazi yake: pau haiwezi kubeba mzigo wa boriti.