Jina la Tafi: Kiswahili na Shahada za Juu za Uvuvi Mombasa

Ukisimama kando ya Bandari ya Kale, Mji wa Kale wa Mombasa, ng'ambo ya mlango wa maji unaiona Mkomani. Huko ndiko yaliko makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI. Kwa mtumbwi ni safari fupi. Lakini kijana wa Kibokoni anayetaka kuhama kutoka upande wa wauza samaki kwenda upande wa wasomi wa samaki huzunguka mno. Huenda shahada ya kwanza akaisomea Eldoret, nyanda za juu zisizojua kupwa wala kujaa. Uzamili ataufuata Ghent au Brussels, na akibahatika atapata miezi sita ya mafunzo ya uvuvi Iceland, katika programu iliyoanza 1998 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Siku hizi vipo pia Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kwa hiyo mzunguko umepungua. Haujaisha.

Hoja yangu si kwamba safari hizo ni hasara. Ni kwamba mafunzo yetu ya uzamili wa uvuvi yamekifanya Kiswahili kuwa kikapu cha kubebea data kutoka dikoni hadi maabara, kisha kikapu kikatupwa. Kosa hili ni la kisayansi kabla ya kuwa la kizalendo.

Historia inaeleza kiasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, ilianguka pamoja na shirika lake la utafiti wa uvuvi wa baharini lililokuwa Unguja. Mahali pake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaweka Taasisi ya Sayansi za Bahari mwaka 1978, na Kenya ikaunda KMFRI 1979. Wataalamu walihitajika haraka, na mlango wa Ubelgiji ulikuwa wazi. James Kairo, bingwa wa mikoko wa KMFRI, alipata uzamivu wake Brussels. Hata meli ya utafiti Zeeleeuw, baada ya kazi yake kule Flanders, ilikuja Mombasa ikapewa jina la Mtafiti. Anayebeza mchango huu hajui tulikotoka. Hata hivyo, anayelipa karo huchagua pia lugha ya tasnifu, na mtahini husoma anachoweza kusoma.

Tuanze na majina. Mwanafunzi hukaa dikoni na daftari. Samaki hupimwa, mvuvi huulizwa, na kinachoandikwa ni "changu". Jioni, kwenye kompyuta, neno hilo hugeuzwa kuwa Lethrinus, na pengine, kwa haraka, kuwa spishi moja ya jenasi hiyo yenye spishi nyingi katika bahari yetu. Mvuvi hakuishia hapo. Angeulizwa swali la pili angetaja changu doa, angetaja njana, na mama karanga, mkaanga samaki aliye pembeni, angeongeza yupi huvunjika kwenye mafuta. Takwimu ikishaandikwa "changu" tu, haiwezi kutuambia ni spishi gani inayopungua. Aliyepoteza taarifa hiyo ni mwandishi wa daftari, si mvuvi.

Inafaa kukumbuka kwamba sayansi yenyewe haikuanza kwa dharau hiyo. Peter Forsskål, msomi wa Uswidi aliyekuwa katika msafara wa Denmark, alifia Yemen 1763. Maelezo yake ya wanyama wa Bahari ya Shamu yalichapishwa 1775, na ndani yake aliyachukua majina ya Kiarabu ya samaki akayafanya ya kisayansi. Lethrinus harak, ambaye ndiye changu doa wetu, amebeba jina la Kiarabu hadi leo. Siganus, jenasi ya tafi, inatokana na jina la Kiarabu pia. Kumbe mwanafunzi anayeona haya kuandika "tafi" ndani ya tasnifu anaandika neno la wavuvi wengine bila kujua!

Pingamizi liko wazi: majina ya kienyeji hayatulii. Tafi wa Mombasa ni tasi wa Unguja, na ukienda Lamu au Vanga utakuta mengine. Ni kweli, na ndiyo sababu hatuwezi kuliacha jina la Kilatini. Lakini kutotulia huko ni mada ya utafiti, si kisingizio cha kuukwepa. Mwongozo wa Rose Anam na Edoardo Mostarda uliochapishwa na FAO mwaka 2012 umeweka majina ya kwetu kando ya yale ya kisayansi, nayo ni kazi ya kushukuriwa. Orodha, hata hivyo, haisemi jina linaanzia wapi na kukomea wapi. Kazi hiyo inamngoja mwanafunzi anayejua lugha zote mbili.

Misimu nayo ina yake. Miaka miwili ya uzamili, ukitoa masomo ya darasani na uandishi, huacha miezi michache ya kukusanya data. Data hizo zikikusanywa wakati wa kaskazi, bahari imetulia na vyombo vyote vinatoka. Kusi ikivuma, vyombo vingi hubaki ndani ya mwamba na hesabu hugeuka. Mabaharia wetu walihesabu mwaka wa Nairuzi kwa miongo, yaani siku kumi kumi, na mwezi kwa bamvua na maji mafu. Kalenda ya chuo inahesabu mihula. Utafiti wa samaki wanaokusanyika kutaga, uliohaririwa na Jan Robinson na Melita Samoilys na kuchapishwa 2013, uliwasikiliza wavuvi kwanza, na tafi wa Msambweni ni mmojawapo wa mifano yake. Hakuna muhula unaofuata mwezi mwandamo.

Katika ufugaji wa samaki, jambo hili la kuwasikiliza watu wa bahari ni zito vilevile. Mpango wa serikali wa 2009 ulichimba mabwawa mengi bara, na mengi yalikuwa ya tilapia. Pwani tuna mwatiko na kaa wa mikokoni, ambao mbegu yao hutafutwa baharini. Lini vifaranga vya mwatiko huingia mikononi mwa bahari, na kwa maji gani, ni swali ambalo watu wa kando ya bahari wana la kulijibu.

Mifano miwili inatosha kuonyesha tofauti ya kuwaamuru wavuvi na kujadiliana nao. Juya lilipigwa marufuku kwa tangazo la serikali 2001, na halikutoweka. Dema lenye upenyo wa kutokea samaki wadogo lilijaribiwa dikoni pamoja na wenye madema. Emmanuel Mbaru na Tim McClanahan waliandika 2013 kwamba samaki waliobaki walikuwa wakubwa zaidi na kipato kiliongezeka. Hoja ya dema ilijadiliwa kwa samaki na pesa, mbele ya wanaohusika.

Basi napendekeza kitu kidogo. Kila tasnifu ya uvuvi inayotumia data za Pwani iwe na sura moja ya Kiswahili, yenye majina, misimu na matokeo, na itetewe mara ya pili mbele ya kamati ya usimamizi wa ufuo, mojawapo ya zile BMU zilizowekewa kanuni 2007. Gharama yake ni nauli ya mashua, chai na mahamri, na msimamizi aliye tayari kukaa mkekani akisikiliza mwanafunzi wake akiulizwa maswali na mtu asiyejua Kilatini, ila anajua tafi huyo alivuliwa mwamba gani na kwa maji gani.