Mizani ya Heshima: Kesi ya Polly Farmer

Ndugu msikilizaji, miaka kadhaa iliyopita niliketi katika jopo la waandishi wa habari lililopewa kazi ya kumteua mwanamichezo bora wa mwaka. Mwishowe tulibakiwa na majina mawili mezani, la mfungaji wa mabao na la mlinda lango. Mfungaji alikuwa na hesabu yake imeandikwa, mabao ishirini na kitu. Mlinda lango hakuwa na hesabu yoyote isipokuwa ushahidi wa sisi tuliomtazama. Kura yangu nilimpa mfungaji. Nikatoka chumbani mle nikijua moyoni kwamba timu ile isingefika popote bila yule wa langoni. Hadi leo kura ile hunisuta.

Wiki hii nimeikumbuka kwa sababu ya barua ya msikilizaji mmoja wa Lodwar. Amesikia kwamba Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa wazazi wa Sudan Kusini, aliteuliwa mwaka 2021 katika timu ya heshima ya kandanda la Australia, ile iitwayo All-Australian. Msikilizaji huyu anauliza: huo ni mchezo gani, na heshima zake hutolewa kwa kipimo gani? Swali la kwanza ni rahisi. Hilo la pili limewagombanisha Waaustralia wenyewe kwa miaka mingi, nami nitalijibu kwa kisa cha mtu mmoja, Graham Farmer, ambaye mashabiki walimwita Polly.

Tuanze na mchezo. Kandanda la Australia huchezwa katika uwanja mkubwa wenye umbo la yai, na mpira wenyewe pia una umbo la yai. Kila upande una wachezaji 18. Kila mwisho wa uwanja pana nguzo nne: mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya zile mbili za katikati, timu inapata pointi 6, ukipita kati ya nguzo ya kati na ya pembeni, ni pointi 1. Kushika mpira kwa mikono kunaruhusiwa, ila kuurusha ni kosa. Anayetaka kumpa mwenzake bila kutumia mguu huuweka mpira juu ya kiganja kimoja na kuupiga ngumi kwa mkono wa pili.

Mchezo huanza kwa mwamuzi kuurusha mpira juu katikati ya uwanja. Hapo watu wawili warefu, mmoja wa kila timu, huruka juu kuugombea. Mtu huyo wenyewe humwita rakimeni. Kazi yake si kuudaka mpira aende nao, bali ni kuugusa kwa ncha za vidole umwangukie mwenzake, mchezaji mfupi mwepesi anayesubiri chini. Bao likifungwa muda mfupi baadaye, jina la rakimeni halimo. Bila shaka umeshaona, msikilizaji, kwa nini nilimkumbuka yule mlinda lango.

Polly Farmer alizaliwa mwaka 1935 katika jimbo la Australia Magharibi. Alikuwa wa ukoo wa Wanoongar, wenyeji asilia wa pembe ile ya nchi. Alilelewa Sister Kate's, makao ya watoto yaliyokuwa kando ya jiji la Perth. Utotoni alipatwa na polio, ikamwachia mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Huyo ndiye mtoto aliyekuja kuishi kwa kuruka.

Mwaka 1953 alianza kuichezea klabu ya East Perth katika ligi ya jimbo lake. Pale alicheza mechi 176 na kutwaa ubingwa mara tatu, mwaka 1956, 1958 na 1959. Mwaka 1962 akahamia Geelong, katika ligi ya jimbo la Victoria, ligi iliyokuwa na pesa na umati mkubwa kuliko nyingine zote. Aliumia goti katika mechi yake ya kwanza huko, akapoteza karibu msimu mzima. Mwaka uliofuata, 1963, Geelong iliifunga Hawthorn pointi 109 kwa 60 katika fainali. Alicheza mechi 101 Geelong, akawa nahodha wake kuanzia 1965 hadi 1967. Kisha akarudi nyumbani kuwa nahodha na kocha wa West Perth, akacheza mechi 79 na kushinda ubingwa wa 1969 na wa 1971, mara zote mbili dhidi ya East Perth, klabu iliyomlea. Jumla ya mechi zake za ligi ni 356.

Sasa tufungue kesi. Mwaka 1996, mchezo huo ulipotimiza miaka 100 ya ligi ya Victoria, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa ligi ya taifa, kulianzishwa Ukumbi wa Heshima. Miongoni mwa walioingizwa walichaguliwa watu 12 tu wa daraja la juu kabisa, daraja la magwiji. Farmer alikuwa mmoja wao. Mwaka huohuo ikatajwa Timu ya Karne, naye akapewa nafasi ya rakimeni wa kwanza. Je, walimpima kwa haki?

Tumpe nafasi wakili wa upande wa pili, maana hoja anazo. Atasema: Farmer hakupata kamwe nishani ya Brownlow, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa ligi ya Victoria. Atasema alicheza mechi 101 tu katika ligi hiyo. Kisha atamleta John Nicholls wa Carlton, rakimeni wa zama zilezile, aliyecheza mechi 328 katika klabu moja na kutwaa ubingwa mwaka 1968, 1970 na 1972, ule wa mwisho akiwa nahodha na kocha kwa pamoja, na katika fainali yenyewe akafunga mabao 6. Kwa vitabu vya hesabu, Nicholls anashinda. Ajabu ni kwamba Timu ya Karne ilipotajwa, Nicholls aliwekwa katika safu ya ulinzi ili Farmer abaki na nafasi ya rakimeni. Wakili wetu atauliza: kwa kipimo gani?

Jibu la kwanza ni kwamba Victoria haikuwa Australia nzima. Zamani kila jimbo lilikuwa na ligi yake, na uwanja pekee uliowakutanisha wachezaji bora wa nchi nzima ulikuwa mashindano ya majimbo. Katika mashindano ya 1956, yaliyofanyika Perth, nishani ya mchezaji bora, iitwayo Tassie, alipewa Farmer. Timu ya heshima ya taifa alitiwa mwaka 1956, 1958 na 1961. Na mwaka huo wa 1961, huko Brisbane, Australia Magharibi iliishinda Victoria na kulitwaa taji. Yote hayo yalitokea kabla hajaigusa jezi ya Geelong. Kwa hiyo anayesema kwamba Farmer alithibitika alipofika Victoria hajazitazama tarehe.

Hata nishani za jimbo lake zina fundisho. Mchezaji bora wa ligi ya Australia Magharibi hupewa nishani ya Sandover. Farmer aliipata mwaka 1956 na 1960. Mwaka 1957 alilingana kura na Jack Clarke wa East Fremantle, lakini kanuni ya kuwatenganisha waliolingana ikampa Clarke. Baada ya miaka 40, mwaka 1997, wakubwa wa ligi waliamua kwamba waliolingana zamani nao wapewe nishani. Basi Farmer, ambaye alikuwa na mbili, akawa na tatu, ingawa kwa miaka 40 hiyo hakuwa ameruka hata sentimita moja zaidi.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo linahusu namna alivyoubadilisha mchezo. Kabla yake, ule mpira wa kupigwa ngumi kwa mkono ulitumika sana kwa kujiokoa. Mchezaji akizongwa, akakosa nafasi ya kupiga teke, huusukuma kwa mwenzake. Farmer aliufanya silaha ya kushambulia. Alijizoeza kuupiga mpira ulenge dirisha la gari lililo wazi, akawa anaweza kuupeleka mbali na kwa shabaha, kwa mwenzake anayekimbia kuelekea lango. Kule Geelong, Bill Goggin, mfupi mwepesi, alijua pa kusimama na Farmer alijua pa kuuweka. Tangu hapo mchezo ukaanza kuharakika. Leo ukitazama mechi yoyote ya ligi ile, utaona pasi za mkono zikipigwa mfululizo kwenda mbele. Farmer hakuwa peke yake katika mageuzi hayo, lakini ni vigumu kumtaja mwingine aliyefanya zaidi.

Sasa utauliza, alipiga pasi ngapi? Aligusa mipira mingapi? Hapo ndipo mfungaji wetu wa mabao anaposhinda tena. Ligi ya Victoria ilianza kuweka takwimu za namna hiyo katikati ya miaka ya 1960, wakati Farmer amekwisha kuvuka 30. Miaka yake ya nguvu haina hesabu. Ina mashahidi: waliocheza naye, waliocheza dhidi yake, na makocha waliolazimika kubadili mipango kwa sababu yake. Mwanahistoria hawezi kuutupa ushahidi wa namna hiyo eti kwa kuwa haukuandikwa katika safu za tarakimu. Anachotakiwa ni kuuhoji. Na mashahidi hapa hawatoki upande mmoja. Kati yao wamo wale aliowashinda.

Kwa hiyo mimi nasema kesi ya Farmer imethibitika. Ila kesi ya waliompima haijaisha. Katika magwiji wale 12 wa mwaka 1996, kila mmoja alikuwa amewahi kucheza ligi ya Victoria. Hakuna hata mmoja ambaye maisha yake yote aliyamalizia katika jimbo jingine. Ilibidi kungoja hadi 2001, alipopandishwa Barrie Robran wa Australia Kusini. Mkumbuke Merv McIntosh, rakimeni wa klabu ya Perth aliyemtangulia Farmer. Alitwaa nishani ya Sandover mara tatu, mwaka 1948, 1953 na 1954, na ile ya Tassie mwaka 1953. Hakwenda Victoria. Mwaka 1996 aliingizwa ukumbini, lakini katika wale 12 hakuwamo. Farmer angebaki nyumbani mwaka 1962, angekuwamo? Nishani zile za 1956 zingekuwa zilezile. Mimi nadhani asingekuwamo, na ikiwa ni hivyo, basi Geelong haikumwongezea uwezo. Ilimsogeza tu karibu na macho ya waamuzi.

Na liko jambo lingine ambalo vitabu vya michezo hulipita haraka. Mwaka 1927 katikati ya jiji la Perth palitangazwa kuwa eneo lililopigwa marufuku kwa wenyeji asilia wasiokuwa na kibali. Amri hiyo iliondolewa mwaka 1954. Yaani Farmer alipoivaa jezi ya East Perth kwa mara ya kwanza, amri ilikuwa bado ipo. Na mwaka 1967, akiwa nahodha wa Geelong, ndipo Waaustralia walipopiga kura, zaidi ya asilimia 90, kuondoa katika katiba vifungu vilivyowabagua wenyeji asilia. Mwaka 1971 alipewa nishani ya Malkia, ile ya MBE. Mwaka 2005 alitajwa nahodha wa Timu ya Karne ya wachezaji wa asili. Mjini Perth barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 2000 inaitwa kwa jina lake, na inapita katika jiji lilelile la amri ya 1927.

Farmer alifariki Agosti 2019, akiwa na umri wa miaka 84, baada ya miaka mingi ya kupotewa na kumbukumbu. Kwa idhini ya familia yake, wataalamu waliuchunguza ubongo wake. Mwaka 2020 walitangaza kwamba alikuwa na CTE, ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na vipigo vya kichwa vya mara kwa mara. Alikuwa mchezaji wa kwanza wa kandanda la Australia kuthibitishwa kuwa nao. Rakimeni huruka na kugongana mechi nzima, na Farmer alifanya hivyo kwa misimu 19. Hilo nalo ni katika yale aliyoutolea mchezo, na hakuna mpiga kura wa 1956 wala wa 1996 aliyelijua.

Ndugu yangu wa Lodwar, hivyo ndivyo heshima hutolewa. Wapo wanaopima kwa nishani, wapo wanaohesabu mechi, na wapo wanaotazama kwanza mtu alichezea wapi. Kwa Farmer uamuzi ulikuwa wa haki, lakini ulipita njia ndefu, na wengine wa aina yake njia hiyo hawakuipata. Jina la Aliir linapotajwa, yeye aliyeianza safari kutoka Kakuma, ni vizuri tukumbuke waliotangulia kuupanua mlango.

Nami, kama nikiitwa tena katika jopo, kabla ya kuuliza mabao ni mangapi nitauliza ni nani aliyekuwa akitazama. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo wakati kama huu. Kwaheri.