Nani Ndugu wa Kutoa Figo? Kyambogo, Kampala na Historia ya Udugu wa Damu

Kilima cha Kyambogo, mashariki mwa Kampala kando ya barabara iendayo Jinja, kimekuwa tangu miaka ya 1950 makao ya watu waliotoka mbali. Chuo cha ualimu cha serikali kilihamishiwa hapo kutoka Nyakasura, Fort Portal, mwaka 1954, shule ya ufundi iliyoanzia Makerere ikafuata mwaka 1958, na mwaka 2003 taasisi hizo mbili ziliunganishwa na ile ya elimu maalumu kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Wahadhiri, mafundi na wanafunzi waliokusanyika hapo walitoka Lango, Teso, Bugisu na Ankole, na wengi wao wameishi miaka mingi wakiwa na majirani wema lakini ukoo wao uko mwendo wa saa nyingi kwa basi. Kwa shida nyingi za maisha jirani alitosha. Figo zinaposhindwa kazi, hata hivyo, anayetafutwa kwanza ni mtu wa damu, na hapo umbali wa ukoo hugeuka kuwa jambo la uhai.

Figo zikishindwa kabisa kuchuja uchafu wa damu, mgonjwa hubaki na njia mbili: kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kila juma, huduma iitwayo dayalisisi, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa kutoka kwa mtoaji aliye hai ulifanyika Boston, Marekani, mwezi Desemba 1954, katika hospitali ya Peter Bent Brigham chini ya daktari Joseph Murray, na ulifanikiwa kwa sababu mtoaji na mpokeaji walikuwa pacha wa kufanana, hata kinga ya mwili wa mmoja haikuitambua figo ya mwenzake kuwa ngeni. Kwa miaka kadhaa baadaye, karibu kila aliyekosa pacha alikosa tumaini. Dawa za kutuliza kinga ya mwili, kwanza azathioprini katika miaka ya 1960 na kisha saiklosporini katika miaka ya 1980, ndizo zilizoipanua duara ya watoaji hadi kwa ndugu wa kawaida, wazazi, na hatimaye wenzi wa ndoa wasio na uhusiano wowote wa damu.

Udugu wa Buganda, nchi ambamo Kampala imo, ulikuwa mpana kuliko duara hiyo tangu zamani. Watoto wa baba mdogo na baba mkubwa ni ndugu wa mtu, si binamu zake, na kila mwanaukoo hujitambulisha kwa mwiko wa ukoo wake. Juu ya hayo palikuwa na omukago, desturi ya kuchanjia udugu ambayo mmisionari John Roscoe aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1911: watu wawili waligawana punje mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja akaipaka punje yake damu ya mwili wake, kisha wakabadilishana na kuzila, na tangu siku hiyo wakadaiana msaada kama waliozaliwa tumbo moja. Jamii iliyoamini kwamba damu iliyotolewa kwa hiari huzaa udugu ilikuwa na msingi wa maadili wa kuupokea utoaji wa figo, na ni haki kusema kwamba wazo la kumpa mwenzako sehemu ya mwili wako halikuletwa Kampala na madaktari.

Kilichokuja kutoka nje kilikuwa mpaka wa kisheria. Mulago ya Kampala, ambayo hospitali yake mpya ilifunguliwa mwaka 1962 na kusifika kwa utafiti, ilidhoofika baada ya mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa na wataalamu wengi kuondoka. Nairobi ilipandikiza figo mwaka 1978, Muhimbili ya Dar es Salaam ikaanza mwaka 2017, ilhali Uganda ilikuwa bado haina sheria mahsusi ya viungo vya binadamu, kwa hiyo wagonjwa wake waliokuwa na uwezo walikwenda nje, hasa India. Huko walikutana na sheria ya mwaka 1994, iliyotungwa kuzuia biashara ya figo iliyokuwa imewaumiza maskini wa nchi hiyo, ambayo iliwataja jamaa wa karibu kuwa wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa na mwenzi wa ndoa. Marekebisho ya mwaka 2011 yaliongeza mababu na wajukuu. Mtoaji nje ya orodha hiyo alipaswa kuthibitishwa na kamati maalumu kwamba anatoa kwa mapenzi tu, na mgeni alihitaji pia hati ya ubalozi wake kuthibitisha uhusiano. Mwana wa baba mdogo, ambaye kwa mila ni ndugu asiyehojiwa, alijikuta ni mtu wa kutiliwa shaka, na pale ambapo wengi wa rika lake hawakuwahi kuandikiwa vyeti vya kuzaliwa, hata ndugu wa tumbo moja alikuwa na kazi ya kujithibitisha.

Sheria hiyo ilikuwa na sababu nzuri, lakini ilimwelemea vibaya mtu wa Kyambogo. Ukoo mpana ulisinyaa hadi watu wachache, na kati ya hao shinikizo la damu na kisukari, maradhi yanayoharibu figo na yanayopita katika familia, yaliwaondoa wengine kabla hata ya kundi la damu kupimwa. Waliosalia mara nyingi walikuwa mdogo wa mwisho au mke, yaani wale ambao katika kikao cha familia ni vigumu kwao kukataa. Ndiyo maana utaratibu wa mtoaji kuhojiwa peke yake, mbali na jamaa, ni kinga kubwa inayostahili kulindwa kwa uangalifu: figo iliyotolewa kwa kuogopa lawama haitofautiani sana na iliyonunuliwa. Wakati huohuo wasioweza kutoa mwili walitoa fedha, na katika miaka ya 2010 vijana wa Kampala walizoea kuosha magari hadharani ili kuchangia tiba ya mgonjwa nje ya nchi, njia ambayo kwayo majirani na wanafunzi wenzake walipata tena nafasi yao katika udugu huo.

Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya utoaji na upandikizaji wa viungo mwishoni mwa mwaka 2022, Rais akaitia saini mwaka 2023, na mwezi Desemba mwaka huohuo figo ya kwanza ikapandikizwa Mulago, kilomita chache kutoka Kyambogo, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka India. Sheria inakataza kabisa kuuza viungo na imeunda baraza la kusimamia kazi hiyo. Kwa familia za kilimani badiliko kubwa ni la safari: mtoaji anayetoka Lira au Mbale anaweza kufika kupimwa bila pasipoti wala viza, akarudi kwao kufikiri, akakataa bila tiketi ya ndege ya mtu yeyote kupotea, na akikubali, akafuatiliwa afya yake na madaktari wa nchi yake kwa miaka ambayo atalima na kulea watoto kwa figo moja.