Mazimwi ya Bondeni na Mama Wakwe wa Kivumbini: Tarikhi ya Ngano na Mzaha katika Nyua za Nakuru

Walioandika habari za Nakuru wameshughulika zaidi na reli, mashamba ya walowezi, bei ya mahindi na pareto, na siasa za ardhi, mambo ambayo hapana mwenye akili atakayeyabeza. Walakini mtu aliyelelewa katika nyua za Bondeni, Kivumbini, Kaloleni au Flamingo ajua ya kuwa mji huu una tarikhi nyingine isiyokuwamo katika faili za serikali, nayo ni ile ya ngano zilizotolewa baada ya chakula cha usiku na mizaha iliyorushwa asubuhi penye bomba la maji, ambayo kwayo watu wa makabila mbalimbali, waliokutana hapa bila ya kuchaguana, walijifunza kuishi mlango kwa mlango.

Mji wenyewe ulizaliwa na reli. Garimoshi lilipokuwa likielekea Ziwa Viktoria, ambako njia yake ilifika mwaka wa 1901, kituo kilichowekwa baina ya mlima wa Menengai na ziwa la heroe kiligeuka upesi kuwa soko na makao ya utawala, na mwaka wa 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji. Wakaja wachukuzi na makarani kutoka Nyanza, wapishi na mafundi wa cherehani kutoka pwani, jamaa za askari wa Kinubi ambao wenzao walikuwa wamekwisha kulowea Eldama Ravine, na Wakikuyu, Waluhya na Wakalenjin waliochoshwa na vibarua vya Njoro, Rongai na Subukia. Nyumba walizopewa, ziwe landi za reli au vyumba vya baraza la mji, aghalabu zilikuwa chumba kimoja kimoja, na choo, bafu na bomba vya shirika, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilimhesabu mfanyakazi wa Kiafrika kuwa mseja wa muda ambaye mke na watoto wake wako mbali mashambani. Mwaka wa 1954 ndipo kamati ya mishahara iliyoongozwa na Carpenter ilipokiri ya kwamba mshahara yapasa kumtosha mtu pamoja na ahali yake. Ahali yenyewe haikungoja kamati, bali ilikwisha kufika zamani, na kuku wake, na godoro lake, na nyanya yake.

Hapo ndipo kichekesho kilipoanza, nacho kilitokana na heshima. Kwa Wajaluo na Waluhya, mama mkwe na mume wa binti yake hawalali chini ya paa moja, hawashikani mikono ovyo, wala hawali wakitazamana, kwani baina yao pana haya ambayo ni nguzo ya ndoa yenyewe. Ada hii ilitungwa katika boma pana lenye nyumba nyingi, ambamo mgeni hupatiwa nyumba yake na mkwe hupita njia ya nyuma. Sasa fikiri, ewe msomaji, ada hiyo hiyo ikiingia katika chumba kimoja cha Kivumbini, chenye kitanda, meza, jiko la makaa na pazia, jioni ambayo mama mkwe ameshuka kwenye basi kutoka Kakamega na kuku wawili kapuni bila ya kuleta habari kabla. Mwenye nyumba, ambaye asubuhi alikuwa bwana wa kauli, alionekana akipita uani ameshika blanketi kwapani, akibisha hodi kwa jirani Mkikuyu au Mkamba aombe pa kulala. Na jirani, ambaye juma lililopita alikuwa naye amefukuzwa na wageni wa namna hiyo, alimkaribisha kwa kicheko ambacho kilisikika hadi bafuni. Mgeni akikaa mwezi, mkwe naye alihama mwezi, na chai yake ikimfuata asubuhi kwa mkono wa mtoto. Mimi naona ya kuwa safari hizi fupi za watu wazima wenye mablanketi zilifunga udugu baina ya makabila kuliko hotuba nyingi za majukwaani, maana mtu uliyelala chini ya meza yake huwezi tena kumwita mgeni.

Kwa upande wa pili wa haya ulikuwako utani, na mwenye utani mkuu alikuwa nyanya. Wakikuyu humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu yake mzaa baba, na kwa sababu hiyo nyanya humwita mjukuu huyo mume wake, akamdai ugoro, akamlaumu mbele ya watu kwa kutomjengea nyumba, na mjukuu, ambaye bado hajaota meno ya mbele, hulazimika kujitetea. Watu wa pwani walipousikia utani huo hawakuustaajabia hata kidogo, kwani nao babu zao huwaita wajukuu wa kike wake zao, wakawatishia bibi zao kwa mke mdogo aliye mzuri zaidi. Hivyo uani palikuwa na ndoa nyingi zisizo na mahari, na mama akitaka kumchapa mwanawe kwa kumwaga maziwa, aliweza kuzuiwa na nyanya kwa hoja ya kwamba hawezi kumpiga mkwewe. Hoja ambayo haijapata jawabu mpaka leo.

Usiku mambo yalibadilika. Koroboi ikiwashwa, watoto wa vyumba vinne vitano walijikusanya kwa yule aliyekuwa na mkaa mwingi, na hapo ndipo mazimwi ya Kenya yote yalipokutana mahali pamoja. Mtoto wa Kikuyu alileta irimu, anayekuja ngomani kwa sura ya kijana mzuri mno ambaye wasichana humfuata, ilhali nyuma ya kichwa chake, chini ya nywele, ana kinywa cha pili cha kulia watu. Mtoto wa Kijaluo alileta Apul Apul, ambaye uroho wake hauna mpaka. Wa Kiluhya alileta manani. Wa Kinandi alikuja na Chemosit, nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na kinywa chekundu kingʼaacho gizani mithili ya taa, naye Hollis, aliyeandika kitabu chake juu ya Wanandi mwaka wa 1909, ameshuhudia jambo ambalo watoto hawakukosa kulitaja kila mara, kwamba Chemosit ana makalio tisa. Kisha mtoto wa nyumba ya Kiswahili alilitoa zimwi la pwani, lile lililomtia msichana ndani ya ngoma likazunguka naye mijini akiimba kwa sauti ya kilio huku wenyeji wakilituza zimwi kwa vyakula.

Kilichotokea katika mikutano hiyo chastahiki kuandikwa kwa wino mzuri. Watoto hawakuziacha ngano zikae mbalimbali. Irimu aliazimwa mguu mmoja wa Chemosit. Apul Apul aliingia katika ngoma ya pwani akaipasua kwa unene. Na sungura, ambaye kila kabila lilidai ni wake, aliwatapeli wote. Ubishi juu ya nani katika mazimwi hao angemla mwenziwe uliendelea hadi wazazi walipogonga ukuta. Katika nyumba za Waislamu wa Bondeni aliongezeka pia Abunuwasi, ambaye hekaya zake zilikuwa zimetoka Baghdad, zikapita Unguja, ambako Askofu Steere alikusanya ngano za Waswahili na kuzichapisha mwaka wa 1870, hata zikafika Bonde la Ufa kwa vinywa vya wapishi na maamuma. Na werevu wake wa kuwashinda masultani uliwapendeza sana watu ambao mchana kutwa waliamrishwa na wazungu.

Mambo haya si ya Nakuru peke yake. Katika mitaa ya mashariki ya Los Angeles, ambako jamaa nyingi zenye asili ya Meksiko zimekaa kwa vizazi, mama humwambia mtoto asiyetaka kurudi nyumbani jioni habari za La Llorona, mwanamke aliyewazamisha wanawe mwenyewe na ambaye huzunguka kando ya maji akilia na kuwatafuta. Wale nao walihama na zimwi lao, wakalipa mto mpya wa kukaa.

Zimwi la Nakuru halikuhitaji kuhamia popote, kwa kuwa lilikuwa na makao makubwa kuliko yote. Menengai ni bakuli la volkeno lenye upana wa takriban kilomita 12 kwa 8, na kina chake chapita mita 400. Moshi wa mvuke hupanda humo mapema asubuhi. Wamasai husimulia ya kwamba katika karne ya 19 Wapurko waliwashinda Walaikipia na kuwatupa kutoka ukingoni, na kwamba ule mvuke ni roho za wafu zinazotafuta njia ya mbinguni. Wakaao mjini wameongezea yao: kwamba chini kabisa kuna shamba lililolimwa vizuri ambalo mkulima wake hajaonekana, kwamba mvua ikinyesha mwavuli mkubwa huruka angani pasipo mshikaji, na kwamba ashukaye huko hupotelewa na akili akazunguka saa nyingi mahali pamoja. Kina mama wa mitaa iliyo chini ya mlima walizitumia habari hizi kuwazuia watoto wasiende kuokota kuni peke yao, nayo ilikuwa hekima, maana magenge ya Menengai huua bila ya msaada wa jini yeyote. Mwaka wa 2011 serikali ilianza kuchimba visima vya jotoardhi humo, na tangu 2023 mvuke ule ule unatoa umeme. Watu wa dini mbalimbali wangali wakiingia katika mapango ya mlima huo kufunga na kuomba.

Katika nyumba za watu wazima hekaya iliyopendwa ni ya Lord Egerton. Kwa yakini, Maurice Egerton alijenga huko Ngata, njia ya Njoro, kasri la mawe lenye vyumba 52, kazi iliyoanza mwaka wa 1938, ikakatizwa na vita, ikaisha 1954. Akafa 1958 bila ya mke wala mrithi wa cheo chake, na shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka wa 1939 ndiyo Chuo Kikuu cha Egerton cha leo. Hayo ni ya vitabu. Ya uani ni kwamba alimjengea nyumba mwanamke aliyempenda, mwanamke akaiita banda la kuku. Akamjengea kasri, mwanamke akasema ni makumbusho, akaenda zake. Naye Lord kwa uchungu akapiga marufuku kila mwanamke kukanyaga ardhi yake. Kila mume wa Nakuru aliyedaiwa kitanda kipya alimtaja Lord Egerton, na kila mke alijibu ya kuwa mwenziwe alipewa vyumba 52 akavikataa, seuze yeye mwenye kimoja. Siku hizi watu huenda katika kasri hilo kufungia harusi.

Redio na televisheni zilipoenea, kicheko cha uani kilipata jukwaa la taifa. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu ambaye, kwa jina la Mzee Ojwang katika mchezo wa Vitimbi, aliigiza Mjaluo kwa lafudhi kamili hata wengi wakaapa ni mzaliwa wa Nyanza. Watu wa Kivumbini hawakushangaa. Uani mwao kila mtoto aliweza kumwiga jirani yake kwa namna hiyo, na aliyeigwa ndiye aliyecheka zaidi.

Yafaa kusema wazi ya kwamba utani haukuwa kinga. Januari 2008, baada ya uchaguzi, Nakuru iliwaka moto. Katika Kaptembwo na Kwa Rhonda majirani walifukuzana, nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na jamaa waliokuwa wameazimana mablanketi walijikuta katika pande mbili. Waliorejea hawakurejea wote, na mzaha wa kabila, ambao zamani ulikuwa ishara ya mapenzi, ulianza kupimwa kabla ya kutamkwa. Katika yote niyajuayo juu ya mitaa hii hakuna linalonihuzunisha kuliko hilo.

Bondeni sasa kuna ghorofa za mpango wa nyumba za bei nafuu, na kila nyumba ina bomba lake na bafu lake, jambo la heri ambalo wazee walilistahili miaka sitini iliyopita. Lakini wale walioziunganisha ngano za irimu na Apul Apul wamekuwa ajuza na shaibu, na hapana ajuaye kwa ukamilifu hekaya zao ila wao wenyewe. Upande wa mashariki wa mji, katika kilima cha Hyrax Hill alichokichimbua Mary Leakey mwaka wa 1937, yako makumbusho, na hapo mwambani yapo mabao yaliyochongwa na watu wa kale waliocheza na kubishana kama sisi. Laiti chumba kimoja cha makumbusho hayo kingetengwa kwa sauti za nyua za Nakuru. Kazi hiyo yataka kinasa sauti, kijana ajuaye lugha mbili tatu, na subira ya kungoja hadi baada ya magharibi, kwa kuwa wengi wa nyanya hao walilelewa wakijua ni mwiko kutoa ngano mchana, nao hawataki kuuvunja.